Ukataji wa santuri nyumbani

Ukataji wa santuri nyumbani ni kazi ya kuchora sauti moja kwa moja juu ya sahani laini inayozunguka, kwa kutumia mashine ndogo iitwayo kerezo la santuri. Santuri za madukani hufyatuliwa kiwandani kwa maelfu kutoka katika kalibu moja, kama matofali. Santuri ya kukatwa ni tofauti: kila moja ni nakala ya kwanza, na kosa lililokwisha kuchorwa halifutiki. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi ya anayeanza ni maandalizi kabla ya sindano kugusa sahani.

Historia

Thomas Edison alinasa sauti kwa fonografu yake mwaka 1877 juu ya karatasi ya bati iliyozungushwa kwenye mcheduara. Emile Berliner alileta gramafoni yenye sahani bapa mwaka 1887. Kwa miaka mingi baadaye kurekodi kulibaki kazi ya makampuni makubwa. Siti binti Saad wa Zanzibar alilazimika kusafiri hadi Bombay (leo Mumbai) mwaka 1928 ili sauti yake iingizwe kwenye santuri.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1930 zilipopatikana sahani za alumini zilizopakwa vanishi ya nitroselulosi. Sahani hizo hukatika kwa urahisi na huweza kusikilizwa papo hapo bila kupitia kiwandani. Nchini Marekani kampuni za Presto na Rek-O-Kut zilitengeneza makerezo ya redio, shule na studio ndogo, na Wilcox-Gay iliuza mashine za nyumbani zilizoitwa Recordio. Nchini Uingereza zilijulikana mashine za MSS.

Mwaka 1953 kijana Elvis Presley alilipa takriban dola 4 mjini Memphis ili akatiwe santuri moja. Mwaka 1958 kundi la Quarrymen, ambalo baadaye lilizaa The Beatles, lilirekodi nyimbo mbili nyumbani kwa Percy Phillips mjini Liverpool. Wanamuziki hao walitoka na sahani moja tu wakapokezana kuitunza. Paul McCartney aliinunua mwaka 1981, na umma uliisikia rasmi mwaka 1995. Kama ingevunjika katikati, sauti ile ingepotea kabisa.

Kinasa sauti cha utepe kilipoenea katika miaka ya 1950, makerezo ya nyumbani yaliwekwa stoo. Leo yanatafutwa tena na wapenzi wa santuri na wanamuziki wanaotaka nakala chache.

Sehemu za mashine

Kerezo la santuri lina sehemu kuu nne. Ya kwanza ni sahani nzito ya kuzungushia, inayoendeshwa na mota kwa mkanda au gurudumu la mpira. Ya pili ni parafujo ndefu inayosogeza kichwa cha kukatia polepole, ili mfuo ujizungushe kama konokono. Ya tatu ni kichwa chenyewe, kinachogeuza umeme wa amplifaya kuwa mtikisiko. Ya nne ni sindano ya kukatia, ambayo huwa ya feleji, yakuti au almasi. Sindano hiyo ina makali kama patasi, na haifanani na ile ya kusikilizia, ambayo ncha yake ni ya mviringo.

Kukagua mashine ya zamani

Mashine iliyokaa miongo kadhaa haifai kuwashwa kabla ya kukaguliwa. Magurudumu ya mpira hukauka au kupata bonde, na bonde hilo husikika kama mngurumo katika kila santuri. Grisi ya zamani huganda, nazo kapasita za amplifaya ya valvu huharibika na huweza kuunguza transfoma. Ndani ya amplifaya hiyo mna volti za kuua hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo ni kazi ya fundi aliyezoea valvu.

Vichwa vya kukatia ni vya aina mbili kuu. Vile vya sumaku huweza kufufuliwa kwa kubadilishiwa mipira ya ndani. Vile vya fuwele ya chumvi ya Rochelle huharibiwa na joto na unyevu, na vingi vilivyobaki havifanyi kazi tena.

Kwa anayeleta mashine ya Marekani Afrika Mashariki, kuna jambo moja zaidi. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60, ilhali wa Kenya, Tanzania na Uganda ni wa takriban volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi hezi. Mota ambayo mwendo wake hufuata hezi itazunguka kwa sehemu 5 kati ya 6 za mwendo wake, na mizunguko 78 kwa dakika itakuwa 65. Dawa yake ni kubadilisha kapi ya mota au kutumia kifaa cha kielektroni kinachotoa umeme wa hezi 60.

Hesabu ya muda

Muda wa santuri hutegemea mwendo na idadi ya mifuo. Kwa mfano, sahani ya inchi 10 yenye eneo la kukata la milimita 60, ikiwa na mifuo 4 katika kila milimita, ina mizunguko 240. Kwa mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika hutoa dakika 3 hivi. Kwa mizunguko 33⅓ hutoa dakika 7 na sekunde 12. Muda mrefu una gharama yake: mfuo unaopita polepole chini ya sindano hupoteza sauti nyembamba, hasa karibu na kitovu.

Hatua za kukata

Mashine husawazishwa kwanza kwa pimamaji. Kisha hukatwa mfuo mtupu usio na sauti kwenye sahani ya majaribio, nao huchunguzwa kwa hadubini. Miongozo ya zamani ilipendekeza mfuo uchukue sehemu 60 kwa 100 na ukuta kati ya mifuo sehemu 40. Mfuo ukiwa mwembamba mno, sindano ya kusikilizia huruka. Ukiwa mpana mno, kuta hugusana. Mfuo mtupu ukisikilizwa unapaswa kuwa kimya. Ukivuma kwa mchakato, sindano imekwisha makali au haikusimama wima.

Ndipo sauti huingizwa. Sauti nzito hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa kabla ya kukata, kisha amplifaya ya msikilizaji hurudisha uwiano. Kanuni ya RIAA, iliyoenea tangu mwaka 1954, ndiyo inayotumika hadi leo. Bila kupunguzwa, sauti nzito hupanua mawimbi ya mfuo hadi kuvunja ukuta wa jirani.

Usalama

Sindano inapokata hutoa uzi mwembamba kama unywele. Uzi huo usipoondolewa kwa brashi au kifyonzaji hujizongazonga kwenye sindano na kuharibu kazi. Hatari kubwa zaidi ni moto. Nitroselulosi hushika moto kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo uzi hutiwa kwenye chombo cha chuma chenye maji na mfuniko, mbali na sigara, jiko na cheche za mota.

Upatikanaji wa sahani

Tarehe 6 Februari 2020 moto uliteketeza kiwanda cha Apollo Masters huko Banning, California, kilichokuwa kimoja kati ya viwanda viwili tu vikubwa vya sahani za vanishi duniani. Kilichobaki kilikuwa Japani. Wakataji wengi wa nyumbani hutumia sahani za polikaboneti, ambazo ni ngumu zaidi lakini hudumu. Wengine hawakati kabisa, bali husukuma plastiki kwa ncha ya almasi bila kutoa uzi.

Sahani zinazokutwa na mashine

Mara nyingi kerezo la zamani hupatikana pamoja na sahani zilizokatwa na mwenyewe: salamu za jamaa, nyimbo za kanisani, sauti ya mtoto. Vanishi hulainishwa kwa mafuta ya mbarika, ambayo kadiri miaka inavyopita huchuja utando mweupe. Vanishi husinyaa na kubanduka. Sahani kama hizo hazifai kujaribiwa kwenye gramafoni ya sindano nzito, kwa maana mchezo mmoja waweza kukwangua sauti. Huchezwa kwa sindano nyepesi yenye ncha inayolingana na mfuo, na kunakiliwa kwenye kompyuta mara ya kwanza zinapochezwa, kwa kuwa huenda mara ya pili isiwepo.