Kuingia na Kukaa: Giaboksi ya Otomatiki katika Kiswahili cha Mafundi

Mwaka 1939 zilichapishwa kamusi za Frederick Johnson, ya Kiswahili kwa Kiingereza na ya Kiingereza kwa Kiswahili, chini ya Kamati ya Lugha iliyokuwa imeundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki. Mwaka huohuo kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza Hydra-Matic, giaboksi ya kwanza ya otomatiki kuundwa kwa wingi, kwa ajili ya magari ya Oldsmobile. Mambo haya mawili hayakuhusiana kwa lolote, na yalichukua karibu nusu karne kukutana. Yalipokutana, hayakukutana ofisini kwa wanaistilahi bali uani, chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki.

Dereva wa wakati wa ukoloni na wa miongo ya mwanzo ya uhuru aliendesha, kwa sehemu kubwa, gari la gia za mkono: Land Rover, lori la Bedford, Peugeot 404 na baadaye 504. Msamiati wa gereji ulijengeka juu ya magari hayo. Maneno kama giaboksi, klachi, shafti na spana yaliingia kwa sikio, si kwa kitabu, na yalipokwisha kutamkwa na vizazi viwili vya mafundi hayakuonekana tena kuwa mageni.

Mabadiliko yaliletwa na biashara. Mwaka 1984 Tanzania iliwaruhusu watu binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Kenya nayo ililegeza masharti yake ya uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani, nchi inayoendesha upande wa kushoto wa barabara kama Kenya, Uganda na Tanzania, na ambayo ukaguzi wake wa lazima huwafanya wenye magari kuyaacha yangali na uhai. Mengi yalikuwa ya otomatiki. Vitabu vya maelekezo, vilipokuwamo, vilikuwa vya Kijapani. Fundi aliyefundwa kwa Bedford alilazimika kuusoma mtambo wenyewe.

Neno la kwanza kuyumba lilikuwa klachi. Kwa dereva, klachi ni pedali ya mguu wa kushoto. Kwa hiyo gari la otomatiki, kwa kauli yake, halina klachi. Fundi aifunguapo giaboksi ya gari hilohilo hukuta sahani nyingi za klachi, zimepangwa kwa mafungu, zimelowa mafuta na hubanwa kwa shinikizo la mafuta hayohayo. Mteja akiambiwa kwamba klachi zimeisha katika gari lisilo na klachi, huhisi kuwa anaibiwa. Ugomvi wa namna hii ni wa kisemantiki kabla haujawa wa fedha, ingawa mwenye gari aghalabu haupokei hivyo.

Kwa kuwa kuzikarabati sahani hizo hutaka vipuri na usafi usiopatikana kwa urahisi, njia iliyozoeleka ikawa kubadili giaboksi nzima kwa nyingine iliyotumika. Kazi hiyo hufanyika gereji, lakini pia nyumbani kwa mwenye gari, kwani gari lisilokwenda humwita fundi badala ya kumfuata.

Hapo ndipo vitenzi vinapostahili kutazamwa. Giaboksi hushushwa na kupandishwa. Vitenzi hivyo vimehifadhi mkao wa mtendaji: amelala chali, na mzigo ambao mara nyingi huzidi kilo 60 uko juu ya kifua chake. Kufungua hutangulia kushusha: betri, mirija ya mafuta, shafti za magurudumu, boliti zinazoishikiza konveta kwenye injini. Kufunga huhitimisha kupandisha. Kitenzi funga, ambacho mwanafunzi hufundishwa kwa mifano ya mlango na ya Ramadhani, hapa ni jina la kazi nzima: mtu huuliza bei ya kufunga giaboksi.

Jozi iliyo nzito zaidi ni ingia na kaa. Konveta ni chombo cha mviringo chenye mafuta, kinachopokea nguvu ya injini na kuipitisha kwa msukumo wa kimiminika. Asili yake ni kazi ya mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyebuni njia hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya meli. Kabla giaboksi haijapandishwa, konveta huvishwa kwenye shafti yake. Huingia kwa hatua, meno baada ya meno, na ya mwisho kushikana ni yale ya pampu ya mafuta. Anayeizungusha huku akiisukuma huihisi ikizama tena na tena. Kabla ya hatua ile ya mwisho imeingia, haijakaa. Kwa macho, tofauti yenyewe haizidi sana upana wa kidole. Ikifungwa hivyo, boliti huivuta giaboksi kuelekea injini, konveta hubanwa dhidi ya pampu, na pampu huvunjika, pengine hata kabla gari halijawashwa.

Uzoefu wa gia za mkono hapa hudanganya, maana wengi walizoea kuumaliza mwanya wa mwisho kwa kukaza boliti. Aliyeelewa otomatiki hukataa kukaza mpaka nyuso mbili zimegusana zenyewe, kisha huigeuza konveta kwa mkono: ikizunguka huru, imekaa. Maana hiyo haikubuniwa gereji. Kanzu yaweza kuingia mwilini na isimkae mvaaji. Mshonaji alikuwa nayo kabla ya fundi wa magari.

Wanaistilahi hawakulala. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lilitoa orodha za Tafsiri Sanifu, na mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi ya msingi ya ufundi, Kiingereza kwa Kiswahili, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kazi ya istilahi kwa desturi huanza na swali moja: hiki kinaitwaje? Swali hilo huvuna nomino. Ingia na kaa haziwezi kunaswa na orodha ya aina hiyo, kwa kuwa kila moja ni neno la kawaida, tena limo kamusini tangu Johnson na kabla yake. Kilicho kipya ni mpaka kati yake, nao hurithishwa kwa mdomo, chini ya gari, kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanagenzi ambaye amekwisha kuvunja pampu moja au ameponea chupuchupu.

Sasa magari ya mseto yaliyotumika nayo yanafika. Ndani ya kile kinachopandishwa katika Toyota Prius hamna konveta. Mna mota mbili za umeme na seti ya gia za kuzungukana. Mafundi wanaendelea kukiita giaboksi.