Msukule wa Ziwa Nyasa: Baina ya Hadithi na Elimu ya Tiba

Kiswahili kina maneno mengi ya hali ambayo si uhai kamili wala si mauti kamili. Mtu aliyepoteza fahamu husemwa amezimia, kama taa iliyozimwa. Mwenye maradhi ya kuanguka na kutetemeka husemwa ana kifafa, na ndani ya neno hilo unasikika mzizi wa kufa uliotamkwa mara mbili, kana kwamba ni kufa kudogo kudogo kunakokuja na kuondoka. Ugonjwa uletwao na mbung'o umeitwa malale, kwa kuwa aliyeupata hulala mchana hali wenziwe wamo mashambani. Juu ya maneno yote haya limekaa jengine lililo zito zaidi, nalo ni msukule. Kusini mwa Tanzania, na hata ng'ambo ya mpaka katika Malawi na Msumbiji, huyo huitwa pia ndondocha.

Sifa za msukule zinajulikana toka pwani hadi bara. Ni mtu anayedhaniwa kufa na kuzikwa, kumbe kilichozikwa ni shina la mgomba lililogeuzwa machoni pa watu. Mwenyewe amefichwa darini au shambani kwa mchawi. Hasemi, kwani ulimi wake umekatwa. Hali chakula cha watu, hulishwa pumba. Usiku hutolewa akalime, na kabla ya jogoo kuwika hurudishwa mafichoni. Ukizingatia sifa hizo moja moja, utaona kwamba hakuna hata moja inayosema kuwa msukule anauma watu au anakula nyama zao. Yeye hamdhuru mtu. Ameibwa, na kilichoibwa ni kazi ya mikono yake.

Jambo hilo lina maana kubwa katika nchi ya Mbinga na mwambao wa Ruvuma kwenye Ziwa Nyasa. Juu milimani wako Wamatengo, mabingwa wa kilimo cha ngoro, yaani mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko mikali ili mvua isichukue udongo. Chini, kandokando ya maji, iko miji ya wavuvi kama Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Katika karne ya 19 milima na ufuko huo vilipita katika dhiki. Wangoni walioingia kutoka kusini walivamia majirani zao, wakateka watu na kuwafanya raia na askari wao. Wamatengo wakazidi kujikusanya vilele vya milima. Wakati huo huo majahazi ya wafanyabiashara yalivusha mateka kutoka upande wa magharibi wa ziwa, kisha misafara ikawapeleka kwa miguu hadi Kilwa, na kutoka Kilwa wakasafirishwa Unguja.

David Livingstone, aliyefika ziwani mwaka 1859, aliandika kwa kumtegemea Rigby, balozi mdogo wa Uingereza Unguja, kwamba watumwa 19,000 kutoka nchi za Nyasa peke yake walikuwa wakipita kila mwaka katika forodha ya Unguja. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na penye soko hilo la Mkunazini likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Wamisionari wa kanisa hilo hilo, wenye makao Unguja, ndio waliokwenda kuanzisha vituo vyao ziwani. Mmoja wao, William Percival Johnson, mfasiri wa Biblia kwa Kinyanja, alifia Liuli mwaka 1928. Kwa hivyo Unguja na Liuli si nchi mbili zisizojuana. Njia iliyowaleta watumwa pwani ndiyo iliyochukua vitabu, dawa na lugha kurudi ziwani.

Aliyechukuliwa na msafara hakuacha kaburi, wala habari. Jamaa zake hawakujua kama wamlilie au wamngojee. Walilolijua ni moja, kwamba mahali fulani, katika shamba la mtu mwengine, mikono yake inafanya kazi bila ya ujira na bila ya jina. Hakuna hati inayothibitisha kuwa hadithi ya msukule ilizaliwa na utumwa, na huenda ni kongwe kuliko utumwa wenyewe. Lakini hadithi hudumu pale inapopata watu wanaoihitaji, na watu wa ziwa waliihitaji sana.

Utawala wa kikoloni haukuimaliza haja hiyo. Wakati wa Waingereza, vijana wa Songea na nchi za jirani walikwenda kwa maelfu kukata mkonge huko Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wengine walivuka kwenda kwenye migodi ya Afrika Kusini, na baadhi hawakurudi. Kijana aliyeondoka na jina akaishi kwa namba hakuwa mbali na picha ya msukule. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 iliadhibu wanaojidai kuwa na nguvu za uchawi na wanaowasingizia wenzao, ila haikuweza kumjibu mama aliyeuliza mwanawe yuko wapi.

Hali kama hiyo ilitokea pia Haiti, nchi ya kisiwani iliyo mbali ambako jina zombi lilikulia. Watumwa wengi waliopelekwa huko walitoka Kongo, na wajuzi wengi wa lugha hulihusisha neno hilo na lugha za Kikongo. Huko nako zombi wa asili si mla watu. Ni maiti aliyefufuliwa ili alime shamba la bwana. Kwa mtumwa wa kisiwa kile, mauti yalikuwa ndiyo likizo pekee, na kutisha kwa zombi ni kuwa hata likizo hiyo amenyimwa.

Madaktari walianza kulichunguza jambo hili kwa dhati katika karne ya 20. Mwaka 1980 alijitokeza Haiti mtu aitwaye Clairvius Narcisse, ambaye kwa kumbukumbu za hospitali alikuwa amefariki mwaka 1962. Mtaalamu wa mimea Wade Davis akaandika kitabu mwaka 1985, akidai kuwa unga wa wachawi una sumu ya samaki ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita bunju. Sumu hiyo huua ganzi mwili mzima, pumzi ikawa haionekani, na akili hubaki macho. Mvuvi yeyote wa Unguja au Pemba anajua kwa nini bunju hutupwa. Hata hivyo, wakemia waliopima baadhi ya unga huo mwaka 1986 walikuta sumu kidogo mno, isiyoweza kumlaza mtu, na nadharia ya Davis ikapoteza nguvu.

Uchunguzi uliofika mbali zaidi ulichapishwa mwaka 1997 na Roland Littlewood, daktari wa akili wa London, pamoja na mwenziwe wa Haiti, Chavannes Douyon. Waliwapima watu watatu waliorudishwa makwao kama mazombi. Mmoja alikuwa na ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aganda asiseme wala asisogee. Wa pili alikuwa na kifafa na ubongo ulioumia. Wa tatu alizaliwa na akili pungufu. Kisha vinasaba vikaonyesha kuwa wawili kati yao hawakuwa na udugu wowote na jamaa waliowapokea. Familia zilizofiwa zilikuwa zimemwona mgonjwa wa barabarani, zikamtambua kuwa ni mpenzi wao, zikamchukua. Ni kosa la utambuzi, lakini ni kosa lililotokana na mapenzi. Anayesoma habari za misukule wanaodaiwa kuonekana Tanzania, wakiwa kimya, wamechakaa na hawajui jina lao, atafanya vyema kuukumbuka uchunguzi huo.

Kusini mwa Tanzania nako kuna maradhi yanayomtoa mtu katika nafsi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa Kinorwe, Louise Aall, alifungua kliniki ya kifafa huko Mahenge, kaskazini ya nchi ya Ruvuma, miongoni mwa Wapogoro. Alikuta wagonjwa wakila peke yao na kulala peke yao, kwa kuwa watu waliogopa mate na pumzi zao. Wengi walikuwa na makovu ya moto, maana kifafa huwaangusha watu jikoni, na wengine walizama mtoni. Aliona pia watoto ambao vichwa vyao vilianguka mbele mara kwa mara, kama wanaosinzia, na akili zikadhoofika mwaka hadi mwaka. Baadaye maradhi kama hayo yalienea Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda, katika Kitgum na Pader, ambako mwaka 2012 walihesabiwa watoto wapatao 3,000. Wazazi wengine waliwafunga kamba watoto wao wasije wakapotea porini. Baadhi ya waandishi wa nje hawakuona haya kuwaita watoto hao mazombi.

Wataalamu wengi sasa wanaelekeza kidole kwa usubi, ugonjwa wa minyoo inayoletwa na inzi wadogo wa mito iendayo kasi. Mwaka 2017 watafiti walitoa hoja kwamba kinga ya mwili, ikipigana na minyoo hiyo, huenda ikaugeukia ubongo wenyewe. Njia kamili haijathibitishwa. Lakini Uganda ilipopulizia dawa mitoni na kugawa dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya walikaribia kutoweka. Mkoa wa Ruvuma nao umo katika maeneo ya usubi ya Tanzania, na vijiji vyake vimekuwa vikigaiwa dawa hiyo tangu miaka ya 1990.

Kisa kilicho karibu zaidi na ziwa ni cha tegu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa nguruwe wa Wilaya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga miaka michache kabla yake, na kipimo cha damu kilionyesha dalili za tegu kwa takriban theluthi ya nguruwe waliopimwa. Mzunguko wake ni huu. Mtu mwenye tegu akienda haja porini, nguruwe hula mayai pamoja na kinyesi. Mayai hayo hugeuka vifuko ndani ya nyama. Anayekula nyama isiyoiva hupata tegu tumboni. Lakini anayemeza mayai yenyewe, kwa maji au mikono michafu, vifuko huota mwilini mwake na huweza kufika ubongoni, na hapo kifafa huanza. Kwa hiyo hata asiyewahi kuonja nguruwe maishani anaweza kuupata ugonjwa huu kutoka kwa jirani asiye na choo.

Watunzi wa Ulaya na Marekani wameitumia tiba kwa namna yao. Richard Matheson, katika riwaya yake ya mwaka 1954, alifanya wafu wanaotembea kuwa wagonjwa wa vijidudu. Filamu ya 28 Days Later ya mwaka 2002 ilitumia virusi vya ghadhabu vinavyofanana na kichaa cha mbwa. Mwaka 2011 Steven Schlozman, daktari wa akili, alitunga riwaya inayopasua ubongo wa zombi kama somo la chuo. Ufundi wao hauna shaka, lakini karibu zote zina kanuni moja: aliyeugua si mtu tena, na ruhusa imetolewa ya kumpiga risasi. Hofu iliyomo humo ni hofu ya mwenye nyumba anayeogopa umati wa nje.

Hadithi ya ziwani haina kanuni hiyo. Msukule ana mama, ana jina, na kijiji kinamtaka arudi. Adui ni aliyemwiba. Na hapo ndipo ubora wa hadithi hii unapokutana na hatari yake, kwani anayetafutwa kuwa mwizi aghalabu ni kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, asiye na mtu wa kumtetea. Hadithi inamhurumia mmoja na kumtoa kafara mwengine. Vilevile inamchelewesha mgonjwa, maana anayesubiri kufunguliwa kwa uganga hafikishwi kliniki, na kila anguko la kifafa lisilotibiwa linaweza kuwa la mwisho.

Mtunzi wa Kiswahili atakayeandika habari za msukule kwa elimu ya tiba halazimiki kuacha chochote cha urithi wake. Abaki na jina lililoibwa, abaki na familia inayongoja usiku, abaki na shamba linalolimwa na mikono isiyoonekana. Abadilishe mwizi tu. Badala ya kikongwe, aweke inzi wa mtoni, yai la tegu katika maji ya kunywa, choo kisichochimbwa, na dawa ya kifafa iliyokwisha katika zahanati, ingawa fenobabito ni miongoni mwa dawa za bei nafuu. Hawa ndio wanaolima kwa nguvu za watoto wa watu. Hadithi ya namna hiyo haitahitaji bunduki. Itamhitaji jirani mmoja atakayekubali kula sahani moja na mgonjwa, na akianguka, amsogeze mbali na moto, amlaze ubavu, na amngoje mpaka azinduke.