Habari ya Kioo cha Buluu

Kila chombo kilichotengenezwa na binadamu kina namna yake ya kuharibika. Jahazi huvuja, saa husimama, taa huzimika. Lakini kompyuta ina jambo moja ambalo jahazi halina: inaposhindwa, hujaribu kueleza sababu ya kushindwa kwake. Mtu yu nyumbani katika kazi yake, anaandika barua au anapiga hesabu. Ghafula kioo cha kompyuta chageuka rangi ya buluu, maneno meupe yatokea, na kazi yote yasimama. Wengi hushikwa na hofu wakaizima mashine kabla ya kusoma hata neno moja. Kusudi la insha hii ni kueleza kioo hicho kilitoka wapi, na kwa nini yule anayekizima bila kukisoma hujidhulumu mwenyewe.

Habari yenyewe yaanza kabla ya kompyuta kuingia majumbani. Mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, palikuwa na mashine kubwa ya kupiga hesabu iliyoitwa Mark II. Haikuwa na kioo. Ilifanya kazi kwa swichi nyingi zilizofunguka na kufungwa kwa nguvu za umeme. Tarehe 9 Septemba mwaka huo mashine ilikosea. Mafundi walipotafuta sababu wakamkuta nondo amekwama ndani ya swichi mojawapo. Walimtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika kando yake kwamba huyo ndiye mdudu wa kweli wa kwanza kupatikana. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

Watu wengi husimulia kwamba siku hiyo ndipo Waingereza na Wamarekani walipoanza kuiita hitilafu ya mashine kwa jina la mdudu. Sivyo. Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua yake mwaka 1878, na mafundi wa Harvard walilifanyia mzaha kwa sababu walikwisha kulizoea. Lililo kubwa katika kisa hiki si neno, bali ni daftari. Mafundi wale hawakumtupa nondo wakaendelea. Waliandika siku, saa na mahali alipopatikana, ili atakayefuata baada yao ajue.

Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1949, mashine iliyoitwa EDSAC ilianza kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza. Mkuu wa kazi ile, Maurice Wilkes, alikuja kueleza baadaye jinsi alivyotambua mwaka ule kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia ingetumika katika kutafuta makosa ya programu alizoziandika yeye mwenyewe. Hapo basi adui hakuwa nondo tena. Adui alikuwa fikira za binadamu zilizopungua mahali. Mwenzake, Stanley Gill, alichapisha mwaka 1951 maelezo ya njia za kuyatafuta makosa hayo. Njia moja ilikuwa kuifanya mashine, baada ya kukwama, ichapishe yaliyokuwamo katika kumbukumbu yake. Waliifananisha na kazi ya daktari anayepasua maiti ili ajue kilichomwua. Kioo cha buluu ni mjukuu wa njia hiyo.

Kompyuta zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, swali jipya lilitokea: je, mashine imwambie nini mtu asiye fundi? Kila kampuni ilijibu kwa namna yake. Macintosh ya mwaka 1984 ilionyesha picha ya bomu lenye utambi, iliyochorwa na Susan Kare. Amiga ya mwaka 1985 ilionyesha mstatili mwekundu uliowakawaka, wenye tarakimu ambazo wachache waliweza kuzifasiri. Microsoft ilipotoa Windows NT mwaka 1993, kioo chake cha hitilafu kilikuwa buluu chenye maandishi meupe. Mwandishi wa sehemu hiyo, John Vert, hakuichagua rangi hiyo ili kumtisha mtu. Zilikuwa ndizo rangi za kioo cha mashine aliyoizoea kazini.

Hapa yafaa tueleze kwa nini mashine husimama kabisa badala ya kuendelea kwa kuchechemea. Ndani ya kompyuta mna kiini cha mfumo, ambacho hutawala kumbukumbu, diski na vyombo vyote vilivyounganishwa. Programu ya kawaida ikikosea, kiini huifunga hiyo peke yake. Lakini kosa likitokea ndani ya kiini chenyewe, hapana tena wa kuaminiwa. Mfano wake ni karani anayefungua daftari la fedha akakuta kurasa zimechanganyika: akiendelea kuandika ataharibu na zile zilizo sahihi. Aliye mwaminifu huweka kalamu chini na kumwita mkubwa wake. Basi kioo cha buluu ni kalamu iliyowekwa chini. Huenda kazi ya dakika chache ikapotea, lakini aghalabu kazi ya miaka huokoka.

Hata wenye kampuni wenyewe hawakusalimika na fedheha yake. Tarehe 20 Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates alisimama mbele ya hadhara kubwa kuonyesha Windows 98 kabla haijaanza kuuzwa. Msaidizi wake aliunganisha skana ili watu waone jinsi kompyuta inavyokitambua chombo kipya, na mara kioo kikawa buluu. Watu walicheka na kupiga makofi, naye Gates akasema kwa utani kwamba hiyo ndiyo sababu bado hawajaiuza. Kisa hiki chafaa kukumbukwa kwa kuwa sababu yake ni ile inayowapata wengi nyumbani: chombo kipya kimeunganishwa. Vyombo vingi huja na programu ndogo iitwayo kiendeshi, nayo mara nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo. Watafiti walioandika mwaka 2003 walieleza kwamba asilimia 85 ya hitilafu zilizokuwa zimeripotiwa za Windows XP zilitokana na viendeshi. Kumbe mara nyingi aliyelaumiwa alikuwa mwenye nyumba, na aliyekosa alikuwa mgeni.

Kutoka hapo mashine ilianza kupunguza maneno. Mwaka 2012 Windows 8 iliondoa safu nyingi za tarakimu ikaweka uso wa huzuni na maelezo mafupi. Mwaka 2016 ikaongezwa alama ya mraba ya kusomwa kwa simu. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kwamba kioo cha buluu kingekuwa cheusi, na uso wa huzuni ungeondolewa. Lakini jina la hitilafu halikuondolewa, nalo ndilo shahidi.

Ajali iliyoonyesha thamani ya shahidi huyo ilitokea Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike, iuzayo ulinzi wa kompyuta, ilituma faili lenye kasoro saa moja na dakika 9 asubuhi kwa saa za Kenya, ikalirudisha saa mbili na dakika 27. Programu yake, iliyofanya kazi ndani ya kiini, ilipewa vipengele 20 ikatafuta cha 21. Ikasoma mahali pasipo pake katika kumbukumbu, na mashine ikaanguka. Kwa kadirio la Microsoft, kompyuta milioni 8.5 ziliguswa. Ndege nyingi hazikuruka, na baadhi ya hospitali na benki zilikwama. Nyingi za mashine hizo hazikuweza kuponywa kwa mbali, maana zilianguka kila zilipowashwa. Ilibidi watu waziendee moja moja, waziwashe katika hali salama, ambayo huacha programu zisizo za lazima, kisha wafute faili lile moja. Lakini kioo kiliitaja programu iliyokosa, na kampuni ikalitaja jina la faili, kwa hiyo hawakuhitaji kufuta yote yaliyomo.

Mwenye kompyuta moja nyumbani aweza kufuata njia hiyo hiyo. Kwanza, ayanakili maneno ya kioo au ayapige picha. Pili, ajiulize: ni kitu gani kilichobadilika siku hizi? Ikiwa ni chombo kipya au programu mpya, akiondoe, na ikilazimu aiwashe mashine katika hali salama. Tatu, asipoona badiliko lolote, aipime kumbukumbu kwa programu ya kuipimia iliyomo ndani ya Windows yenyewe, na aangalie kama vumbi limeziba feni, kwani joto nalo huangusha mashine. Nne, kabla ya yote hayo, awe na nakala ya kazi zake mahali pengine. Afanye jambo moja kwa wakati mmoja na kuliandika. Abadilishaye mambo matano pamoja hatajua ni lipi lililoponya.

Jambo la kuepukwa ni pupa. Wako wanaofuta diski nzima kwa hitilafu ambayo ingetoka kwa kuchomoa waya mmoja. Picha za jamaa waliofariki hupotea, na maandishi ya miaka hupotea nayo. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humwumbua. Kompyuta imefundishwa kutoyaficha maradhi yake. Tangu nondo wa mwaka 1947 hadi faili la mwaka 2024, waliofaulu kuponya ni wale waliosoma kwanza, wakaandika, ndipo wakanyosha mkono.