Wapenzi wa Jinsia Moja Kenya: Sheria Inasemaje, na Wasee Wanasemaje?

Hii stori ikizuka kwa matatu ama kwa kinyozi, dakika mbili hazipiti kabla mtu aseme, "Sisi hatutaki ndoa za mashoga." Lakini kesi kubwa zenye zimefika kortini Kenya hazikuwa zinaomba ndoa. Hebu tupange hii maneno polepole.

Sheria inasemaje?
Hakuna sheria ya Kenya inayosema kuwa shoga ama msagaji ni kosa. Kinachokatazwa ni kitendo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinataja ngono "kinyume cha maumbile", na ukipatikana na hatia unaweza kula hadi miaka 14 ndani. Kifungu cha 165 kinagusa wanaume peke yao, na kifungo ni hadi miaka 5. Hizi sheria ni za enzi za mkoloni Mwingereza. Ndoa nayo iko kwa Katiba ya 2010, Kifungu cha 45: mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti.

Raia wanasemaje?
Wengi wanakataa, na hiyo si siri. Shirika la utafiti la Pew la Marekani lilipouliza Wakenya mwaka 2002, mtu 1 tu kwa kila 100 alisema jamii iwakubali wapenzi wa jinsia moja. Kufikia 2019 walikuwa 14 kwa 100. Wenye walisema hapana bado walikuwa 83. Kwa hivyo maoni yanasonga, lakini mwendo ni wa kobe.

Wanasiasa wanajua hizo hesabu. Julai 2015, Barack Obama akiwa Nairobi alitetea haki za mashoga, na Uhuru Kenyatta akamjibu hapo hapo kwamba kwa Wakenya hiyo si ishu.

Sanaa nayo?
Januari 2014 mwandishi Binyavanga Wainaina, mshindi wa tuzo ya Caine ya 2002, alitangaza wazi kuwa yeye ni shoga. Mitandao iliwaka moto. Aprili 2018 bodi ya filamu ilipiga marufuku *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, stori ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, hata kama ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Septemba mwaka huo korti ikaruhusu ionyeshwe siku 7 tu, na watu wakajaa kwa kumbi.

Kortini kulienda aje?
Mei 24, 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kufuta vifungu vya 162 na 165. Walioshtaki walisema hawadai ndoa, lakini majaji waliona kufuta hizo sheria kungefungua mlango wa watu wa jinsia moja kuishi pamoja, kinyume na Katiba. Binyavanga alikuwa amefariki siku tatu tu kabla ya hapo.

Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu ilimaliza kesi iliyoanza 2013. Majaji watatu dhidi ya wawili walisema serikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji, kwa sababu haki ya kuunda chama ni ya kila mtu. Uamuzi ulikuwa wa usajili pekee. Vile vifungu vya adhabu havikuguswa. Lakini wiki hiyo yote nchi iliongea ndoa, hadi Rais William Ruto akasema mila na dini zetu haziruhusu ndoa za jinsia moja.

Sasa ubishi ni wa nini?
Unaweza kukataa ndoa za jinsia moja na Katiba iko upande wako. Hilo ni swali moja. Swali lingine ni la yule jirani anayefukuzwa kwa keja ama kupigwa na umati juu ya vile anavyoshukiwa kuwa. Akienda kuripoti kwa karao, anaogopa yeye ndiye atageuzwa mshukiwa. Hapo hakuna harusi inaombwa. Ni usalama tu, ule ule wenye wewe na mimi tunataka.

Kwa hivyo ubishi ukianza tena hapo mtaani, uliza kwanza: tunaongelea swali gani kati ya hayo mawili?