Nafuu ya pumu isitufumbe macho

Mwenye pumu huihesabu siku yake kwa pumzi. Huamka akisikiliza kifua, huipima ngazi kabla ya kuipanda, na hatoki nyumbani kabla ya kupapasa mfuko kuhakikisha kuwa pampu imo. Nami ni mmoja wao. Wiki hii nataka tuitazame historia ya dawa tunazozitegemea, kwa sababu ndani yake limo somo lililolipiwa kwa roho za watu, na wengi wetu bado hatujalisikia.

Hapo zamani mgonjwa alivuta moshi. Mwanzoni mwa karne ya 19 madaktari wa Uingereza walijifunza kutoka India kuvuta moshi wa mmea wa jamii ya mnanaha, ambao ukizidi humtia mtu wazimu. Baadaye zikatengenezwa hata sigara za pumu. Mwaka 1860 daktari Henry Salter wa London, ambaye mwenyewe aliugua pumu, alichapisha kitabu kuhusu maradhi hayo, na humo akasifu kahawa kali. Hakukosea sana, maana kafeini iliyomo ndani ya kahawa ni ndugu wa theofilini, dawa iliyokuja kutumika baadaye. Karne ya 20 ikaleta sindano za adrenalini na vidonge vya efedrini. Dawa hizo zilifungua kifua, lakini ziliupeleka moyo mbio na kufukuza usingizi.

Mabadiliko makubwa yalianza na swali la mtoto. Mwaka 1955 huko Marekani, binti wa miaka 13 mwenye pumu alimwuliza baba yake kwa nini dawa yake isitiwe katika kopo la kupuliza, kama ile ya nywele. Baba huyo, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker. Mwaka 1956 pampu ya kwanza yenye kutoa dawa kwa kipimo ikaingia sokoni. Wenye pumu wakashangilia, na walikuwa na haki.

Lakini furaha hiyo iliingia doa. Katika miaka ya 1960 vifo vya pumu vilipanda ghafla Uingereza, Australia na New Zealand. Katika England na Wales, vifo vya watoto wa miaka 10 hadi 14 viliongezeka kiasi cha mara saba kati ya 1959 na 1966. Wachunguzi wakazinyooshea kidole pampu za isoprenalini, hasa aina iliyokuwa kali zaidi. Marekani, ambako aina hiyo kali haikuuzwa, wimbi hilo halikuonekana. Mwaka 1968 Uingereza ikaamua kwamba pampu hizo zisiuzwe bila cheti cha daktari, na vifo vikashuka. New Zealand ilipata msiba wa pili kuanzia 1976, safari hii ikishukiwa dawa iitwayo fenoteroli. Ilipobanwa baada ya uchunguzi wa 1989, vifo vikapungua.

Wataalamu walibishana sana juu ya sababu, lakini jambo moja lilidhihirika. Pumu hufanya mambo mawili: misuli ya njia za hewa hukaza, na kuta za ndani za njia hizo huvimba na kujaa makohozi. Pampu ya nafuu ya haraka hulegeza misuli, wala haiuponyi uvimbe. Mgonjwa hupata pumzi, akarudi kazini, huku uvimbe ukiendelea kimyakimya. Siku atakapogundua kwamba pampu haimfai tena, huenda ni usiku wa manane na hospitali iko mbali.

Dawa ya uvimbe ipo. Steroidi ya kuvuta kwa pampu ilianza kutumika mwaka 1972, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu ulitamka kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe kwa pampu ya nafuu ya haraka peke yake. Mwaka huo huo, kwa makadirio ya shirika hilo, pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi zisizo na uwezo.

Sasa tutazame mitaani kwetu. Mtu akibanwa, mtoto hutumwa duka la dawa. Kifua kikifunguka, shauri limekwisha. Pampu ya kinga husemwa kwamba itamzoesha mgonjwa, au kwamba ni dalili ya kukaribia kaburi. Si kweli. Ikivutwa kwa kipimo cha daktari haimfanyi mtu mtumwa wake. Ukimaliza, sukutua kinywa kwa maji uteme. Wanaosema ni ghali wana hoja, na hoja hiyo iwafikie wanaopanga dawa za zahanati zetu: kulaza mgonjwa aliyezidiwa nako kuna gharama.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukijikuta unaikimbilia pampu ya nafuu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au kifua kinakuamsha usiku, usijipongeze kwamba dawa inafanya kazi. Nenda kamwulize daktari habari ya dawa ya kinga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watoto wale wa Uingereza walitangulia kabla sababu haijafahamika. Sisi tumekwisha kuijua.