Fundi, Ongeza Springi

Sanya Juu ni nadra kukuta gari limebaki jinsi lilivyotoka kiwandani. Noah zinazopandisha abiria kutoka Boma Ng'ombe zimeinuliwa kwa vipande vya chuma vilivyopachikwa kwenye springi. Land Rover za zamani zinazoshusha viazi kutoka West Kilimanjaro zimeongezwa springi mpaka zikiwa tupu zinatembea zimeinua mkia. Ukifunua boneti ya gari la Mwingereza, usishangae kukuta injini ya Mjapani. Vijana wenye Altezza wao hubadilisha ekzosi, na mtaa mzima hujua wamerudi nyumbani saa ngapi. Waulize kwa nini, jibu ni lilelile: gari linakuwa na nguvu.

Je, ni kweli? Nimelitafutia jibu swali hili kwa sababu ndani yake kulikuwa na fedha za ukoo, nitaeleza mbele. Lakini mwanga zaidi niliupata kwenye historia kuliko gereji. Afrika Mashariki tumekuwa tukilijaribu swali hili hadharani tangu mwaka 1953.

Mwaka huo walowezi wa Kenya walianzisha mbio za magari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tusisahau ulikuwa wakati gani: Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, na huku kwetu, upande wa pili wa uwanda wa Sanya, Wameru walikuwa wamefukuzwa Ngare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi. Barabara hazikuwa za kila mtu, na magari vilevile. Hata hivyo waandaaji walikuwa na wazo moja zuri. Hawakuyapanga magari kwa ukubwa wa injini, waliyapanga kwa bei ya dukani. Swali lao lilikuwa la mnunuzi: kwa fedha niliyotoa, gari hili litanifikisha?

Majibu yaliwashangaza wengi. Volkswagen Beetle, ambayo injini yake haikuzidi lita 1.2, ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza saba tu, la kwanza likiwa Peugeot 404, gari la familia. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena, na Peugeot 404 ikawa ya kwanza tena. Matope hayakuuliza nguvu za farasi.

Mshindi ninayempenda zaidi ni wa mwaka 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kwenye mashindano, yaani mtumba kama magari yetu, wakawashinda waliokuja na magari mapya. Alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. Fundi hutofautiana na dereva wa kawaida kwa jambo moja: analisikia gari linapolalamika kabla halijakatika.

Miaka ya 1980 ulikuja mtihani mkubwa zaidi. Viwanda vya Ulaya viliruhusiwa kutengeneza magari ya mbio yenye nguvu za kutisha. Audi Quattro na Peugeot 205 Turbo 16, zote zikivuta kwa magurudumu manne, zilitamba Ulaya. Lakini mbio za Safari za 1984, 1985 na 1986, ambazo wakati huo zilikuwa zimebaki za Kenya peke yake, zote zilichukuliwa na Toyota Celica iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Nayo ilikuwa imeongezewa mengi, hata tabo ilikuwa nayo. Ila kwenye Safari vitu vilivyohesabika zaidi vilikuwa vya kuvumilia: bodi iliyoinuliwa, shokapu imara, vyuma vya mbele vya kukinga wanyama, taa za ziada, na bomba la kupumulia lililopandishwa hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji mtoni.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali lenyewe lina kasoro. Neno "nguvu" tunalitumia kwa vitu viwili: kukimbia na kufika. Kinachoongeza kimoja mara nyingi hupunguza kingine.

Tuchukue matairi makubwa. Yanaliinua gari juu ya mawe, sawa. Lakini injini ileile sasa inazungusha gurudumu pana zaidi, kwa hiyo mvuto mlimani unapungua, na mshale wa spidi unakuonyesha mwendo mdogo kuliko ulio nao. Springi za kuongeza zinabeba gunia zaidi, lakini ekseli ni ileile na breki ni zilezile. Ekzosi pana kwenye injini ndogo isiyo na tabo huongeza kelele nyingi na nguvu kiduchu.

Tabo ni habari nyingine, na sisi wa mlimani tunapaswa kuielewa kuliko watu wa pwani. Hewa hupungua kadiri unavyopanda. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, na kutoka Sanya Juu kwenda lango la Londorossi unavuka mita 2,000. Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 juu ya bahari. Injini ile ilitoa nguvu za farasi 350 chini, ikashuka hadi 230 kileleni. Alipoifungia tabo, ikatoa 356 kulekule juu. Kwa hiyo yapo mabadiliko yanayofanya kazi kwelikweli. Yanafanya kazi kwa sababu yanajibu tatizo lililopo.

Tazama kampuni za utalii za Moshi na Arusha. Wanakata Land Cruiser, wanairefusha, wanaweka viti zaidi na paa la kuinuka ili mgeni amwone simba. Lakini kwa miaka mingi waliipenda injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, na wengi wao hawakuigusa. Ni nzito, ni ya taratibu, na ikizima porini fundi yeyote anaijua.

Sasa zile fedha. Mtoto wa mama mdogo anaendesha Noah kati ya Sanya Juu na Boma Ng'ombe. Alitaka mama yake achukue mkopo wa vikoba ili anunue matairi makubwa na rimu, anyanyue gari na abadilishe ekzosi. Kikao cha familia kikanigeukia: wewe umesoma, sema. Nilisema aanze na breki, shokapu na boli jointi, kwa sababu gari hupanda na abiria lakini pia hushuka nao, na gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona.

Alinijibu kwa heshima, lakini hakukubali. "Kaka, abiria haoni breki. Stendi anachagua gari kwa macho. Lisipopendeza, breki nzuri zitasimama pale mpaka saa nne."

Hoja yake ilikuwa nzito, na kwenye historia niliyosoma sikuona jibu lake. Waandaaji wa 1953 walipima magari kwa bei, mvua iliyapima kwa matope, lakini stendi ina kipimo chake na ndicho kinacholipa marejesho ya vikoba kila wiki. Mama mdogo ndiye aliyeamua: breki na shokapu kwanza, rimu zitoke kwenye faida ya gari lenyewe, na ekzosi ibaki ya kiwandani maana na yeye analala nyumba hiyohiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mabadiliko huongeza uwezo wa gari, nitakuuliza kwanza linakwenda wapi, limebeba nani, na litarudi kwa barabara ipi. Ukishayajibu hayo, fundi anaweza kuchukua spana.