Mswada wa Mwana, Mkono wa Mama

Fasihi huhitaji warithi. Mtunzi akishafariki, maandishi yake hubaki mikononi mwa wenye haki ya kuyarithi: mke au mume, watoto, ndugu, pengine wanafunzi wake. Wakiyathamini, huishi, wakiyaonea haya, huchomwa au huachwa yakaliwa na mchwa. Sisi watu wa pwani tunalijua hilo vyema, kwani tenzi nyingi tulizonazo zimetufikia kwa kuwa palikuwa na mkono uliozinakili na sanduku lililozihifadhi. Makala haya yanahusu watunzi ambao kwao suala la mrithi lilikuwa zito kuliko kwa wengine: waandishi Weusi wa Marekani waliopenda watu wa jinsia yao, hasa wale wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990.

Mizizi ya habari hii ni ya zamani zaidi. Mnamo Novemba 1926, katika mtaa wa Harlem mjini New York, vijana kadhaa walitoa jarida waliloliita Fire!!, yaani Moto. Mhariri wake alikuwa Wallace Thurman, na pamoja naye walikuwapo Langston Hughes, Zora Neale Hurston, mchoraji Aaron Douglas na Richard Bruce Nugent. Nugent alichapisha humo hadithi ya msanii kijana ampendaye mwanamume mwenziwe, jambo ambalo waandishi Weusi hawakuwa wamelithubutu waziwazi kabla yake. Jarida halikupata toleo la pili. Deni la uchapaji lilimwandama Thurman kwa miaka, na nakala nyingi zilizobaki ziliteketea kwa moto mahali zilipowekwa, kana kwamba jina lilikuwa utabiri. Thurman alifariki mwaka 1934. Nugent aliishi hadi 1987, na ilimbidi awe mzee ndipo vijana wamtafute wamuulize habari za siku zile.

Waliofungua mlango kwa vijana hao walikuwa wanawake. Mwaka 1980 mshairi Audre Lorde na mhakiki Barbara Smith, wote wawili wanawake wapendao wanawake, waliafikiana kuwa hawatapata uhuru wa kuchapisha mpaka wawe na mtambo wao wenyewe. Wakaanzisha, pamoja na wenzao, shirika la Kitchen Table: Women of Color Press. Jina hilo, Meza ya Jikoni, walilichagua kwa kuwa jikoni ndiko wanawake wanakofanya kazi na kuzungumza, na kwa kuwa walitaka ijulikane kwamba shirika linaendeshwa na watu wachache wasio na mali ya kurithi. Kwa njia hiyo zilitoka diwani na mikusanyo, ukiwamo Home Girls wa mwaka 1983. Lorde alikuwa na damu ya visiwani: neno zami, alilolifanya jina la kitabu chake cha 1982, alilitoa Carriacou, kisiwa kidogo cha Karibi alikotoka mama yake, na mwaka 1992 alifia katika kisiwa cha St. Croix.

Miongoni mwa walioyasoma maandishi ya wanawake hao alikuwa Joseph Beam, kijana wa Philadelphia aliyefanya kazi katika duka la vitabu. Rafu za duka zilijaa vitabu vya wanaume wapendao wanaume, lakini takriban vyote vilikuwa vya Wazungu, na Beam alichoka kujitafuta humo asijione. Akawaandikia watunzi wa miji mbalimbali, akapokea mashairi, hadithi, barua na insha, na mwaka 1986 mkusanyo wake, In the Life, ukachapishwa Boston. Ndani yake mliwekwa makala kuhusu mzee Nugent. Hivyo uzi uliokatika mwaka 1926 uliungwa miaka 60 baadaye, mwaka mmoja tu kabla ya mzee huyo kuaga dunia.

Mwaka huohuo wa 1986, mjini New York, kiliundwa chama cha waandishi kilichojiita Other Countries, yaani Nchi Nyingine. Kazi yake ilikuwa ile ambayo malenga wa kwetu wataitambua: wanachama walikutana, kila mmoja akasoma alichotunga, na wenzake wakakipima bila kumwonea haya wala kumdhalilisha. Chama kilitoa jarida mwaka 1988. Kufikia wakati huo UKIMWI, ambao madaktari wa Marekani walianza kuuandika katika taarifa zao mwaka 1981, ulikuwa umekwishaingia katika kumbi hizo, na mkusanyo wa pili wa chama, wa mwaka 1993, ukawa ni kitabu cha msiba.

Joseph Beam alifariki Desemba 1988, siku chache kabla ya kutimiza miaka 34. Alikuwa katikati ya kuandaa mkusanyo wa pili. Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Rafiki yake, mshairi Essex Hemphill wa Washington, aliichukua kazi. Lakini hakuichukua peke yake. Alihamia Philadelphia, katika nyumba ya wazazi wa Beam, na akashirikiana na mama wa marehemu, Bi. Dorothy Beam, mpaka mswada ukakamilika. Kitabu, Brother to Brother, kilitoka mwaka 1991, na ukurasa wake wa mwanzo unataja watu watatu: aliyekibuni, Joseph Beam, aliyekihariri, Essex Hemphill, na aliyeisimamia kazi, Dorothy Beam.

Wapenzi wa ushairi wanamkumbuka Mwana Kupona wa Pate, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi uwe wosia wake. Hapo mama alimwachia mwana maneno. Philadelphia mambo yaligeuka: mwana ndiye aliyetangulia, na mama ndiye aliyeachiwa maneno ayafikishe. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujua mzazi. Bi. Dorothy angaliweza kuufunika uchungu huo kwa kimya, na majirani wasingemlaumu. Yeye aliufanyia kazi ya uhariri.

Si kila nyumba ilifanya hivyo. Mwaka 1992 alizikwa Donald Woods, mshairi wa Other Countries, na katika ibada ya mazishi mambo mawili hayakutajwa: UKIMWI uliomuua na mapenzi yake kwa wanaume. Mshairi mwenzake, Assotto Saint, aliinuka akayatamka yote mawili mbele ya waombolezaji. Saint alikuwa mzaliwa wa Haiti. Jina la Assotto alilitwaa kwa ngoma kubwa ya ibada za vodou, na siku ile alilia kama ngoma kweli. Mwaka uliotangulia, shirika lake dogo la uchapaji lilikuwa limetoa kitabu kimoja chenye washairi Weusi 100 wa aina yake, ili mtu asije akasema kwamba hawakuwapo. Alifariki mwaka 1994.

Hemphill alifuata Novemba 1995, akiwa na miaka 38. Mwaka uliofuata matibabu ya dawa zilizochanganywa yakaanza kuenea Marekani na vifo vikapungua. Hakuyawahi.

Lakini vitabu viliwahi. Brother to Brother na In the Life vilichapishwa upya mwaka 2007 na 2008 na RedBone Press, shirika la mwanamke Mweusi, Lisa C. Moore. Nyaraka za Beam zimehifadhiwa katika maktaba ya Schomburg, huko huko Harlem ilikotolewa Fire!!. Na mwaka 2025, miaka 30 baada ya kifo cha Hemphill, mashairi yake teule yalitolewa katika kitabu kipya kwa uhariri wa John Keene na Robert F. Reid-Pharr.

Msomaji anaweza kuwa na rai yake juu ya maisha ya watunzi hawa. Fasihi haimnyimi mtu rai. Ila historia yao inaonesha kuwa urithi wa maneno haufuati damu peke yake. Rafiki alikuwa mrithi, mchapaji alikuwa mrithi, msomaji asiyejulikana aliyekitunza kitabu rafuni alikuwa mrithi. Na pale damu ilipokubali kushika kalamu, kama ilivyokuwa katika nyumba moja ya Philadelphia, mswada wa marehemu haukupotea.